Pasaka ya Miavuli

1

Mwalimu Kissa aliingia Kituo cha Tiba ya Mwanga akiwa amejifunika khanga mbili usoni, na mlinzi wa getini akamzuia kwa sababu hakumtambua. Miezi michache nyuma mlinzi huyohuyo alikuwa amempigia makofi siku alipofunguliwa dirisha.

Kila mgonjwa wa kituo alikuwa na siku yake ya dirisha. Akishadungwa dawa, akishamulikwa kooni kwa uzi wa kioo na uvimbe wake kufa, aliwekwa katika wodi nyekundu, ambayo madirisha yake yote yalibandikwa karatasi nyekundu ili mwanga wa nje usiingie na rangi nyingine. Alikaa humo mpaka mkojo wake, ukiwekwa chini ya taa ya maabara, usiwe na mng'ao tena. Hapo ndipo muuguzi alipofungua dirisha moja, mgonjwa akatoa mkono nje, na wote waliokuwapo wakapiga makofi. Wengine walilia. Mwalimu Kissa siku yake alicheka, akasema mkono wake ulikuwa umesahau baridi.

Sasa mkono huo ulikuwa umechubuka kuanzia vidole hadi kiwiko. Alipofunua khanga, Dakta Subilaga Mwandemele aliona shavu moja limevimba na jicho lililo juu yake limeingia ukungu mweupe. Muuguzi alidhani ni mafuta ya moto, akauliza kama jiko lilimlipukia. Mwalimu Kissa akakataa kwa kichwa. Alikuwa ametoka Usangu, alikokwenda kumzika kaka yake. Huko chini hakuna mawingu. Alikaa nje na wanawake wenzake tangu asubuhi hadi maziko, na jioni ile akaanza kuumwa.

"Jua halikunichoma kama moto, mwanangu," alimwambia Subilaga. "Moto unaanzia juu. Hili lilianzia ndani, kama mtu ananitafuna huku akija nje."

Subilaga alikata kipande kidogo cha ngozi pembeni mwa kidonda, akampa dawa ya maumivu, akamlaza wodi nyekundu bila kueleza kwa nini. Kisha akaenda maabara. Njiani aligundua kwamba alikuwa akitembea karibu na ukuta, upande wa kivuli, ingawa nje kulikuwa na ukungu na mvua nyepesi kama kawaida ya Rungwe, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kudungwa kitu.

Dawa yenyewe ilikuwa na jina refu la kikemia, lakini watu wa mlimani waliiita Lala. Ilikuwa sumu iliyotiwa kufuli. Ikiingia mwilini ililala ndani ya seli bila kudhuru chochote, mpaka iguswe na mwanga wa urujuani, ile rangi ya mwisho ya upinde wa mvua na nyingine zilizo baada yake ambazo jicho halizioni. Mwanga huo ulifungua kufuli, na seli ikafa papo hapo. Daktari alimulika uvimbe peke yake, uvimbe ukafa peke yake. Na ili ijulikane dawa iko wapi, kila molekuli ilifungiwa kitaa chake kidogo cha kijani, ambacho hadubini ilikiona. Penye kijani pana dawa. Pasipo na kijani hapana dawa. Kituo kizima kilijengwa juu ya maneno hayo, na Subilaga ndiye aliyekiunda kitaa.

Aliweka ngozi ya Mwalimu Kissa chini ya hadubini. Palikuwa giza. Hapakuwa na nukta moja ya kijani.

Ilimpasa ashushe pumzi. Lakini kingo za kile kidonda alizijua. Seli zilikuwa zimepasuka kutoka katikati, viini vyake vimesagika kama unga, jinsi alivyoziona zikifa ndani ya uvimbe kwa miaka mingi. Hakuna jua la kawaida linaloua hivyo. Aliinamisha kichwa mezani, akaomba kwa sauti ya chini aonyeshwe kwamba amekosea. Alipoinua kichwa lilikuwa limemjia swali moja tu, na hakulipenda. Je, kama kitaa kilidondoka, na dawa ikabaki?

Alichukua rangi nyingine, inayong'ata kufuli lenyewe badala ya kitaa, akadondosha tone juu ya ngozi, akasubiri, akaosha, akatazama tena.

Kipande chote kiling'aa. Kiling'aa kama mji unaoonekana kutoka mlimani, taa kwenye kila nyumba.

Katika jokofu la maabara kulikuwa na vipande vya ngozi za wagonjwa wote waliokwisha kufunguliwa dirisha. Alivipima kimoja baada ya kingine. Vyote viling'aa. Alikiacha cha mwisho kwa makusudi, akazunguka meza, akanawa mikono isiyokuwa michafu, akarudi. Kilikuwa cha Mzee Ambokile Mwandemele, baba yake mzazi. Hicho kiling'aa kuliko vyote.

2

Profesa Gwamaka Mwaisaka alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, anayepumua kwa kelele, na Subilaga alijua ameelewa pale kelele hiyo iliposimama.

Aliuliza mambo machache, na yote yalikuwa maswali sahihi. Kwa nini wengine hawajaumia? Subilaga alieleza kwamba tangu dirisha la kwanza lifunguliwe mlima ulikuwa chini ya mawingu. Mwanga mdogo unaopenya hufungua makufuli machache, seli chache zinakufa, mwili unazizika wenyewe bila mtu kusikia. Je, dawa itatoka lini? Hakujua. Pengine polepole, kwa miaka. Pengine haitatoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, Profesa."

Profesa alifunika hadubini. Alimwashiria amfuate, wakaingia wodi nyekundu, ambamo kila uso na kila shuka vilikuwa na rangi moja. Walipita kitanda cha Mwalimu Kissa, aliyekuwa amelala, wakafika mwisho, kwa Bibi Sekela. Alikuwa bado hajadungwa, amelazwa humo mapema akingoja. Zamu yake ilikuwa Jumatatu. Koo lake lilikuwa limeziba kiasi kwamba mate yake mwenyewe aliyatemea kikombeni, na mifupa ya mabega yake ilisimama kama ya ndege. Mkwe wake alikuwa ameketi kando, ameshika bilauri ya uji wa ulezi chini ya pua ya mama huyo. Profesa alimsalimu kwa heshima, akauliza uji ule ni wa nini.

"Nanusa," Bibi Sekela alisema kwa sauti iliyotoka kama hewa kwenye ufa. "Unanusa, unakumbuka."

Walipotokea koridoni, Profesa alifunga mlango nyuma yao.

"Kesho ukisimama kanisani ukasema ulichoniambia, mchana watu watakuwa wamekimbia mpaka mpakani," alisema. "Bodi itafunga mashine. Yule mama atakufa njaa huku ananusa uji, na wenzake nyuma yake. Nipe mpaka Jumatano. Bodi inakaa Jumatano. Tutawaita waliopona mmoja mmoja, kwa utaratibu, tuwafiche, tuwatibu. Sikuombi uufute ukweli. Nakuomba uucheleweshe."

"Kesho ni Pasaka, Profesa. Alfajiri watakuwa makaburini."

Profesa alijua anachomaanisha, maana alikulia palepale. Kwa Wamoravian wa mlimani Pasaka haianzii ndani ya kanisa. Tarumbeta hupita nyumba kwa nyumba kuamsha watu, kisha wote huenda makaburini na kusimama kati ya wafu wao wakitazama mashariki, wakingoja jua litoke. Mwaka huu Mchungaji Anyosisye alikuwa ametangaza kwamba waliopona koo, wote kumi na mmoja ukimwacha Mwalimu Kissa aliyekuwa msibani, watasimama mbele, shingo wazi, wawe ushuhuda.

Profesa alisogea kwenye dirisha la korido na kuchungulia nje. Ukungu ulikuwa umefuta hata mibuni iliyo ng'ambo ya ua.

"Masika haya," alisema. "Tangu uzaliwe, umeliona jua la Pasaka hapa mara ngapi?"

Subilaga aliliona mara moja tu, akiwa mtoto mdogo mgongoni kwa marehemu mama yake, na hakuwa na hakika kama alikumbuka au alisimuliwa. Alijikuta anasema atasubiri mpaka Jumatano. Maneno yalitoka kwa urahisi, na urahisi wake ndio uliomtisha.

3

Nyumbani alimkuta baba yake kibarazani, tarumbeta mapajani, akiing'arisha kwa majivu na limau. Hakuwa ameipuliza tangu saratani imshike. Wiki hii alikuwa amefanya mazoezi na vijana wa bendi, ambao walimtania kwamba wanangoja waone kitatoka nini humo, sauti au uji. Naye aliwajibu kwamba kitakachotoka kitawaaibisha wakati wao bado wanatafuta midomo yao ilipo. Alimsimulia binti yake hayo yote akicheka, na Subilaga alicheka mahali panapostahili, macho yake yakiwa juu ya paa la migomba, kwenye mawingu.

"Wewe nawe unatazama juu kama mtu aliyeanika mpunga," Mzee Ambokile alisema.

Subilaga alimwambia amechoka. Kisha akajaribu kumzuia. Alimwambia alfajiri ni baridi, kifua chake bado hakijawa imara, vijana wanatosha, angeweza kubaki nyumbani akasikiliza kutoka mbali. Mzee alimtazama kwa huruma kidogo, kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo lisilo na maana, akarudi kwenye majivu yake.

Angeweza kumwambia ukweli. Lakini alimjua. Alikuwa mzee wa kanisa, naye asingejifunika peke yake huku wenzake kumi wamesimama wazi. Kumwambia baba yake saa ile ilikuwa sawa na kugonga kengele ya kanisa. Na kila alipofungua kinywa alisikia ile sauti ya ufa: unanusa, unakumbuka.

Baada ya chakula walisali. Mzee Ambokile aliomba kama alivyoomba siku zote, taratibu, akitaja watu kwa majina. Alishukuru kwa koo lake. Alimshukuru Mungu kwa mikono ya binti yake. Kisha akaomba anga wazi. Akasema, Bwana, mwaka huu tupe tulione jua linavyotoka, ametosha kutupa ukungu. Alijikosoa hapohapo kwa kicheko, akasema umetosha, Bwana, umetosha, si ametosha.

Subilaga alikuwa akiomba mawingu. Aliyaomba kwa nguvu zake zote, mazito, meusi, ya siku nzima. Watu wawili wameshikana mikono juu ya meza moja, na kila mmoja ameomba anga lake.

"Hukuitikia amina," baba yake alisema baadaye, wakati anazima taa ya jikoni.

Alisema aliitikia moyoni.

4

Alfajiri palikuwa na ukungu, na Subilaga alimshukuru Mungu njia nzima. Watu walipanda kwa makundi kuelekea makaburini, kila mmoja na mwavuli wake mkononi, maana mtu wa Rungwe hatoki hata kwenda kwa jirani bila mwavuli. Makaburi yalikuwa yamepakwa chokaa na kuwekewa maua. Bendi ilisimama kwenye kona ya juu, na mbele yake waliopona walijipanga, wake kwa waume, wameshafungua vilemba na mitandio shingoni. Mzee Ambokile alikuwa katikati, tarumbeta kwapani, anasugua midomo yake ipate moto.

Ndani ya mfuko wa koti la Subilaga kilikuwamo kipima-mwanga cha kituo, kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Wauguzi walikivaa wanapohamisha wagonjwa. Kinatetemeka kikinusa urujuani, kwanza taratibu, na kadiri hatari inavyoongezeka, haraka zaidi. Alikishika ndani ya kiganja. Kilikuwa kimetulia kama jiwe.

Mchungaji alianza liturujia. Watu walijibu. Wakati wanajibu, upepo ulikuja.

Haukuwa mkali. Ulipanda kutoka upande wa ziwa, ukainua pembe za vitambaa vya wanawake, na ukungu ukaanza kutembea. Ulitembea kwa adabu, kama mgeni anayeaga, ukapita kati ya misalaba, ukapita juu ya migomba, ukaacha nyuma yake anga tupu lenye nyota chache za mwisho. Umati ulishangilia kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja karibu na Subilaga alisema ndaga, ndaga, asante, Bwana, akifuta machozi. Subilaga alikibana kipima-mwanga kiganjani.

Ukingo wa jua ulitokeza mwekundu.

Alijiambia anachokijua. Jua likiwa chini kabisa mwanga wake hupita ndani ya hewa nyingi, na hewa hiyo huula urujuani wote njiani. Mwekundu haufungui kufuli. Ndiyo sababu wodi ni nyekundu. Kwa kitambo kidogo dunia nzima ilikuwa wodi, na wote kumi na mmoja walikuwa salama, nyuso zao zimepakwa rangi ileile. Lakini jua halikai chini. Na ibada ya Pasaka ina kwaya tatu, na hotuba, na ushuhuda.

Bendi ilianza. Sauti ya kwanza ya Mzee Ambokile ilikwaruza kidogo, vijana wakatupiana macho, kisha ikasafika na kupanda juu ya nyingine zote. Waliomjua waligeuka. Alikuwa amefumba macho, shingo imekaza, kovu la matibabu linaonekana wazi, na alipuliza kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Kipima-mwanga kikatetemeka mara moja.

Subilaga alitazama upande wa wanaume. Profesa Gwamaka alikuwa amesimama kando ya kaburi la wazazi wake, mwavuli mweusi umefungwa, mikono miwili juu ya kishikio. Naye alikuwa anamtazama. Alitikisa kichwa polepole, na haikuwa amri. Ilikuwa kama kusihi.

Ubeti wa kwanza uliisha. Alijiambia huenda mawingu yakarudi. Ubeti wa pili ulianza, rangi nyekundu ikaanza kuwa ya dhahabu kwenye chokaa ya makaburi, na kile kisanduku kikatetemeka tena, na tena, kama moyo wa kifaranga. Aliomba. Hakuomba mawingu tena. Aliomba mtu mwingine aseme. Katika mstari wa mbele mwanamke mmoja wa waliopona alijikuna shingoni, akajikuna tena, akatazama vidole vyake.

Sauti ya tarumbeta ilikatika.

Mzee Ambokile aliishusha, akagusa mdomo wake wa juu, akaipandisha tena. Alipuliza sauti moja, yenye hewa. Alijaribu kutabasamu kwa vijana wa bendi, na mdomo haukutii.

Subilaga hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita kati ya watu. Alikumbuka alisimama mbele ya baba yake, mgongo kwa jua, akimkinga kwa mwili wake, na bendi ikanyamaza chombo kimoja kimoja.

"Dawa haijatoka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Dawa ya Lala haijatoka mwilini mwao. Tuliona giza tukadhani ni utupu. Imo ndani ya ngozi, na jua hili linaiamsha. Mwalimu Kissa yuko wodini, amechomwa. Nimejua tangu jana. Wafunikeni, nawaomba. Waondoeni kwenye jua."

Hakuna aliyesogea. Walimtazama kama mtu aliyepandwa na maradhi. Mzee mmoja wa nyuma alicheka kwa hasira, akauliza toka lini jua la Mungu likawa sumu, na siku ya Pasaka. Mwingine akasema msomi huyu amelewa vitabu. Mchungaji alinyoosha mkono, hajui amtulize nani. Kisanduku mfukoni sasa kilikuwa hakipumziki.

Kisha ulisikika mlio ambao kila mtu pale aliujua tangu utoto, wa mwavuli unaofunguka.

Profesa Gwamaka alikuwa anakuja kati ya makaburi, mwavuli wake mweusi umekunjuliwa chini ya anga lisilo na wingu. Alipumua kwa kelele. Alifika kwa Mzee Ambokile, akamsimamishia mwavuli kichwani, akauinamisha upande wa mashariki, yeye mwenyewe akabaki nje.

"Asemayo ni kweli," alisema. "Nami nilijua."

Hapo mwanamke aliyekuwa akifuta machozi alifungua wa kwake, akakimbia mbele. Kisha mwingine. Kisha mlio ule ulienea kila mahali, kama mvua inapoanza juu ya mabati, na miavuli ikasongamana juu ya watu kumi na mmoja mpaka hawakuonekana. Waliwashusha mlimani hivyohivyo, polepole, kila mmoja na watu wanne watano wa kumfunika, huku jua linapanda nyuma yao, zuri, safi, lile lile waliloliomba. Kanisani wanakwaya walivua majoho yao na kuyatundika madirishani. Gizani mule Subilaga alimsikia yule mwanamke aliyejikuna akililia shingo yake, na mtu akimwambia anyamaze, inapoa, inapoa, ingawa hakuna aliyejua kama itapoa.

5

Mchana walikuwa wote wodi nyekundu. Si kila aliyeletwa alikuwa ameumia sana. Mwanga ulikuwa bado mchanga, na wengi walipata malengelenge tu. Mdomo wa juu wa Mzee Ambokile ulikuwa umepasuka kutoka ndani, pale hasa panapobana kinywa cha tarumbeta. Mdomo unatangulia, Profesa alieleza, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba. Ungepona, lakini kwa kovu gumu, na kovu halitetemeki.

Subilaga alikaa kitandani kwa baba yake. Hakuweza kumwangalia usoni, akaangalia mikono yake, yenye majivu bado kwenye kucha.

"Ubeti wa kwanza," Mzee alisema, akitamka kwa shida, kitambaa mdomoni. "Kama ungesema kabla ya ubeti wa kwanza."

"Ndiyo, Baba."

Mzee aligusa kile kitambaa. Kisha akauliza kama ubeti wenyewe ulisikika vizuri. Alimwambia ulisikika mlima mzima. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani, na Subilaga hakujua kama amesamehewa. Hakuthubutu kuuliza.

Mambo mengine yalikwenda kama Profesa alivyoyahofia. Getini watu walikuwa wanawachukua ndugu zao, hata wale ambao hawajadungwa. Bodi ilipiga simu ikaagiza pasiwe na sindano mpaka waamue, na hawakusema wataamua lini. Vitanda vya upande wa kushoto vilikuwa vitupu, shuka zimeachwa nusu chini.

Kimoja tu hakikuwa kitupu. Bibi Sekela alikuwa ameketi, mgongo ukutani. Mkwe wake alisimama kando na mzigo umeshafungwa, uso umevimba kwa kulia. Alisema mama anakataa kuondoka, ameking'ang'ania kitanda, na anamtaka daktari.

Subilaga alipiga magoti ili asikie. Alimweleza yote, bila kupunguza. Kwamba dawa haitoki. Kwamba akipona ataishi ndani, nyuma ya karatasi nyekundu, pengine mpaka mwisho wa maisha yake, na asubuhi moja tu ya kusahau ingeweza kumla uso. Kwamba yeye Subilaga haijui njia ya kuitoa, na asingemwahidi kwamba ataijua. Alipokuwa anaeleza alihisi hofu ileile ya makaburini. Lakini safari hii haikumziba mdomo.

Bibi Sekela alisikiliza mpaka mwisho. Alitema kikombeni, akajifuta. Alielekeza kidole kwenye dirisha lililo juu ya kitanda chake, lile ambalo siku yake ikifika angetolea mkono nje na watu wakapiga makofi.

"Hilo msinifungulie," alisema. "Nipeni uji."

Subilaga alibaki amepiga magoti. Nyuma yake alisikia pumzi nzito, akajua Profesa amesimama mlangoni na amesikia. Simu ya kituo ilikuwa inalia tena ofisini. Hakuna aliyekwenda kuipokea. Alisali kwa ufupi, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakuomba chochote kuhusu anga. Kisha akainuka, akaenda kwenye beseni, akafungua bomba, akaanza kunawa mikono kama inavyopasa kabla ya sindano, kati ya vidole, mpaka viwiko.

Profesa Gwamaka alikunja mikono ya shati lake, akaja kusimama kando yake, akingoja zamu yake kwenye bomba.